Mwanangu anakoroma na ini lake lina mafuta: je, kuna uhusiano?

Swali: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 11, urefu sentimita 145 na uzito kilo 64. Anakoroma sana, na mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani. Juzi altrasaundi ilionyesha mafuta kwenye ini, na kipimo cha damu cha ALT, cha kuangalia ini, kilikuwa 58. Je, haya mawili yanahusiana, na akitolewa mafindofindo ini litapona? Mama, Tanga.

Jibu: Mama, uhusiano upo, na hauishii kwenye uzito peke yake. Kwa vipimo ulivyotoa, uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa mwanao ni 30.4, wakati kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani mvulana wa miaka 11 huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri anapovuka 22.5 hivi. Mafuta yanayojikusanya shingoni huibana njia ya hewa, na mtoto alalapo chali tumbo huyanyima mapafu nafasi. Akiwa pia na mafindofindo au nyama za pua zilizovimba, misuli ya koo inapolegea usingizini njia hiyo huziba. Wakati huohuo, mwili ulioanza kuwa mgumu kuitikia insulini, homoni inayorekebisha sukari ya damu, huendelea kulundika mafuta kwenye ini.

Kuna njia nyingine ambayo hata sisi madaktari huisahau. Kila pumzi inapokatika, oksijeni ya damu hushuka, kisha mtoto hushtuka, akavuta hewa, nayo ikapanda tena. Hali hii ikijirudia usiku kucha huzidisha ugumu wa mwili kuitikia insulini na huzalisha kemikali zinazojeruhi seli za ini ambazo tayari zimejaa mafuta. Watafiti wa Colorado, Marekani, waliripoti mwaka 2014 kwamba miongoni mwa vijana wenye ini la mafuta, wale ambao oksijeni yao ilishuka usiku walikuwa na ugonjwa wa ini uliosonga mbele zaidi. Huo si uthibitisho kwamba kimoja kilisababisha kingine, lakini unatosha kunizuia nisitibu ini huku nikiliacha koo.

Kaa kando ya kitanda chake saa saba au saa nane usiku, umrekodi kwa simu. Kukoroma mfululizo hakunitishi sana. Kinachonitisha ni mkoromo unaokatika ghafla, kifua kikaendelea kupanda na kushuka bila sauti ya hewa, kisha mguno mkubwa na mtoto akajigeuza huku shingo ameirudisha nyuma. Mwangalie pia ngozi ya shingo: weusi usiotoka hata ukisugua kwa dodoki si uchafu, ni alama ya insulini kushindwa kufanya kazi vizuri.

Kipimo kamili hufanyika katika maabara ya usingizi, na kwa watoto hata pumzi kukatika au kupungua mara moja tu kwa saa huhesabiwa kuwa si kawaida, ilhali kwa watu wazima mpaka ni mara tano. Maabara hizo ni chache, kwa hiyo kifaa cha kidoleni kinachorekodi oksijeni usiku kucha husaidia, ingawa majibu mazuri hayaondoi shaka. Kuhusu ini, kikomo cha ALT kwa wavulana ni 26 hivi, hivyo 58 ni zaidi ya maradufu. Irudieni, na apimwe pia homa ya ini B, kwa sababu si kila ini lenye mafuta lina tatizo moja tu.

Mafindofindo yakiwa makubwa, kuyatoa ndiyo tiba ya kwanza ya pumzi. Hata hivyo, kwa watoto wanene tatizo mara nyingi halimaliziki, na wengine huongezeka uzito baada ya upasuaji. Mwambieni mtaalamu wa dawa za usingizi wa upasuaji mapema kuhusu pumzi zinazokatika, na mtoto alale hospitali usiku wa kwanza akiangaliwa.

Ini lenyewe hutibiwa jikoni. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019, wavulana waliopunguziwa sana sukari ya kuongezwa kwa wiki 8 walishuka kutoka mafuta asilimia 25 ya ini hadi 17, wakati wenzao waliobaki na mlo wa kawaida walitoka 21 hadi 20 tu. Kwa hiyo anzeni na soda, juisi za boksi na chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa nyumba nzima, si kwa yeye peke yake. Akilala vizuri atakuwa na nguvu ya kucheza mpira jioni, na miezi mitatu baadaye mrudishe kwa uzito, ALT na video nyingine ya usiku.