Nimpime mkojo kwanza, au nizungumze naye?

Swali: Mshauri, naishi Kondele, Kisumu. Nikifua nguo za kijana wangu wa miaka 16, aliyefunga shule juzi, nilikuta mfukoni msokoto wa bangi na pakiti tupu ya kuber. Bado sijamwambia kitu. Duka la dawa wana kipimo cha mkojo. Nimpime kwa siri kwanza? Baba yake akijua atamchapa.

Jibu: Pole sana, mama. Umefanya vyema kutomrukia.

Kipimo kiache dukani kwa sasa. Kile cha bangi hutafuta mabaki yake kwenye mkojo: aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku tatu hivi, anayevuta kila siku hata mwezi mzima. Hakikuambii alivuta lini hasa, na nani, wala kwa nini. Kuber nayo ni tumbaku, na vipimo vingi vya dawa za kulevya havitafuti nikotini kabisa, kwa hiyo unaweza kupata majibu safi ukatulia bure. Isitoshe, akigundua umemvizia chooni, hatakuambia lolote tena. Msokoto umeshauona. Unachohitaji ni kusikia kutoka kwake.

Usianze akiwa amelewa, wala wewe ukiwa na hasira. Vijana wengi hufunguka wasipokodolewa macho, kwa mfano mkichambua omena pamoja au mkitembea kwenda soko la Kibuye. Mwambie moja kwa moja: "Nilipofua suruali yako nilikuta msokoto na kuber. Niliogopa. Nataka unieleze." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi huharibu: kimya kikizidi kidogo wanaanza kuhubiri, na mtoto anapata nafasi ya kutosema kitu.

Huenda akasema ni vya rafiki yake. Usibishane. Muulize huyo rafiki alianzaje, na huwa anajisikiaje asipotumia. Mara nyingi kijana hujieleza mwenyewe kupitia huyo "rafiki".

Kwenye madhara, usitie chumvi. Ukisema bangi humtia mtu wazimu siku hiyo hiyo, na yeye anawaona wenzake wakivuta na jioni wako uwanjani, hatakuamini hata kwa yale ya kweli. Mwambie ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na kwamba bangi katika umri wake huvuruga kumbukumbu na umakini. Kama kwenu kuna ndugu aliyewahi kurukwa na akili, mweleze pia, kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi. Akikubali kuacha kuber, siku za kwanza anaweza kuwa mkali na kukosa usingizi. Ni nikotini inayomtoka, si utovu wa adabu, kwa hiyo mvumilie.

Baba usimfiche. Zungumzeni wawili kabla ya kumkabili kijana, mkubaliane kiboko hakitaguswa na adhabu itakuwa ipi. Baba akishikilia lake, mtafute mjomba au shemeji anayemsikiliza.

Lakini kijana akianza kusikia sauti, kushuku kila mtu au kukesha, usingoje mazungumzo. Mpeleke Jaramogi, ile hospitali ambayo wengi bado wanaiita Russia, uulize wahudumu wa afya ya akili. Simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na haina malipo. Unaweza kuipiga hata leo, kabla hujamwambia kijana neno.