Jibu: Anga la waridi kwenye picha ya Copley Fielding, niweke dau?

Mkuu, umeuliza kama anga la waridi kwenye hiyo picha ya bahari ya rangi za maji ya Copley Fielding, mchoraji Mwingereza, inayouzwa mnadani, ni machweo. Mimi naona ni rangi iliyopauka. Angalia picha uliyoweka: mawingu mekundu, lakini povu la mawimbi ni jeupe na maji ni ya kijivu. Jua likizama, wekundu ungegusa na maji. Wachoraji wa Uingereza wa enzi hizo walichanganya nili (rangi ya buluu) na nyekundu ya udongo kupata kijivu cha mawingu. Nili hufa kwa mwanga, nyekundu inabaki. Ripoti ya wanasayansi wa Uingereza Russell na Abney ya 1888 ilithibitisha kwamba mwanga huharibu rangi nyingi za maji.

Waombe wanaouza watoe picha kwenye fremu, wakupigie picha ukingo uliofunikwa na kadi ya fremu, ambao haukupata mwanga. Hapo ndipo utaona kama anga lilikuwa na buluu. Rangi iliyopauka hairudishiki, kwa hiyo dau lishuke, na sana.

Pia karatasi imulikwe kwa nyuma. Karatasi za Whatman, watengenezaji wa Uingereza, mara nyingi zina jina na mwaka ndani yake. Fielding alifariki 1855. Ukikuta mwaka wa baadaye, achana nayo. Katalogi ikisema "inadhaniwa ni yake", usilipe bei ya jina lake. Na ada ya mnunuzi, ile unayolipa mnada juu ya bei, uliza mapema, kwenye minada mingi ya Uingereza inazidi asilimia 20.