Re: Machela za India zilibeba wafalme tu?
Hapana ndugu, hazikuwa za wafalme peke yao. Palki, yaani machela yenye boriti ndefu na mapazia pembeni, ilibeba hata bibi harusi na wagonjwa. Makarani wa Kampuni ya India Mashariki, ile ya biashara ya Waingereza, nao walinogewa, mpaka mwaka 1758 wakubwa wao wakawapiga marufuku wale wa chini kununua na kumiliki palki!

Wapagazi walikwenda kwa hatua fupi wakiitikiana, boriti begani. Wanyonge? Thubutu! Mwaka 1827 huko Calcutta walitakiwa wavae beji na kupangiwa nauli kwa saa, wakagoma. Baadaye reli ikawanyang'anya safari ndefu.

Huko Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, palki ingalipo: kila mwaka viatu vitakatifu vya Dnyaneshwar, mtakatifu wa Kihindu, hutolewa mji wa Alandi hadi mji wa Pandharpur, ila siku hizi palki yenyewe hupanda gari la maksai.