Jina la Teskey: anza Rathkeale

Ndugu yangu, unauliza ukoo wa bibi yake mkeo, Teskey wa Limerick, Ireland, mbona jina halianzi na O wala Mac kama majina ya Waairishi wengine. Ni kwa sababu asili yake si Ireland. Mwaka 1709 wakimbizi Wajerumani kutoka Palatinate, kando ya mto Rhine, walipelekwa huko, na wengi wakabaki kwenye ardhi ya kabaila Southwell karibu na Rathkeale, mji wa Limerick. Teskey, Switzer, Ruttle, Sparling: hao walikuwa majirani na wakwe.

Anza na sensa za 1901 na 1911, ziko bure mtandaoni. Angalia safu ya dini. Ukikuta Methodisti au Kanisa la Ireland, uko njia sahihi, maana Wajerumani hao walikuwa Waprotestanti. Usipoteze usiku kucha kwenye madaftari ya parokia za Kikatoliki (mimi nilipoteza wiki nzima nikitafuta jina jingine, macho yakawa mekundu). Kisha shuka kwenye daftari la Griffith, 1847 hadi 1864, linaloonyesha nani alikodi shamba gani kijiji gani. Sensa za 1821 hadi 1851 usizitegemee, karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922.

Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo jaribu pia Tesky na Teskie. Na muulize mama mkwe kama kuna ndugu walioishia Ontario, Kanada, maana Wapalatine wengi walihamia huko.