Bolti Iliyokatika na Fundi Anayetaka Kuacha Kazi

Maswali ya wasomaji kuhusu gereji

SWALI: Mimi ni fundi magari, gereji yetu hutulipa kwa saa za kitabu, yaani muda ambao kitabu kimeipangia kila kazi, hata ikichukua zaidi. Kufungua manifoldi ya ekzosi (bomba la kukusanya moshi wa injini) kumeandikiwa saa chache tu, lakini bolti mbili zikikatikia ndani ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini, siku nzima inaisha na malipo ni yale yale. Wenzangu wawili wameshaacha ufundi. Nifanyeje bolti zisinikatikie? Na je, na mimi niondoke?

JIBU: Pole kwa hilo, ndugu. Saa za kitabu hupimwa kwenye gari ambalo bolti zake bado safi. Gari lililopigwa na joto na maji miaka mingi ni kazi nyingine kabisa. Tena bolti ya chuma ndani ya hedi ya alumini haishikwi na kutu peke yake: metali hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini huliwa, na unga mweupe hujaa kwenye meno. Ukivuta kwa nguvu, bolti hukatika kabla unga haujaachia.

Kwa hiyo usianze kwa kuvuta. Piga brashi ya waya kwenye meno yanayoonekana, nyunyiza mafuta ya kupenya, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa, liache gari lilale, asubuhi urudie. Tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hushika kwenye kona tu na kula kichwa. Kaza kidogo sana kwanza mpaka usikie imeachia, kisha legeza robo mzunguko, rudisha, ongeza mafuta, endelea hivyo hivyo. Spana ikianza kuzunguka kwa ulaini wa kuvutika, bila ule mlio wa kuachia, simama hapo hapo. Bolti inajisokota, haifunguki.

Hapo ndipo joto linapoingia. Kama ni nati, pasha nati yenyewe ipanuke. Kama bolti imeingia kwenye alumini, pasha alumini kwa mashine ya hewa moto, kwa sababu alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Mwali wa gesi uuogope: alumini haigeuki nyekundu kukuonya, huyeyuka ghafla. Mipira, mabomba ya mafuta na nyaya za karibu ziondolewe kwanza.

Ikishakatika, usikimbilie drili. Chomoa betri, weka washa (kile kipete bapa cha chuma) juu ya kipande kilichobaki, kichomelee kupitia tundu la washa, kisha chomelea nati juu ya washa. Subiri wekundu uishe, zungusha mbele na nyuma taratibu. Nati ya kwanza ikichomoka, weka ya pili. Joto lile la kuchomelea ndilo linalovunja mshiko, hivyo kila jaribio linasaidia. Drili iwe njia ya mwisho: piga nukta katikati kabisa, anza na biti nyembamba, ikiwezekana ya kuzunguka kushoto. Kwa bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, usivuke milimita 6.8, la sivyo umekula meno ya hedi. Kile kifaa chembamba cha kung'olea bolti nakishauri kwa tahadhari kubwa. Chuma chake ni kigumu kuliko biti zako, na kikikatikia ndani umejiongezea tatizo.

Jambo moja la kuokoa maisha: usichomelee mahali uliposafisha kwa breki klina (dawa ya kusafishia breki) yenye klorini. Ikikutana na joto la kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, na hiyo inaua.

Kuhusu kuondoka: kabla hujagusa bolti, piga picha, na kwenye kadi ya kazi andika kwamba muda wa kutoa bolti zitakazokatika haumo ndani ya bei, utalipiwa kando. Mteja akubali mapema. Mwajiri akikataa kulipa muda huo hata baada ya kuona picha, ihame gereji yake, ufundi ubaki nao. Kampuni zenye magari mengi na wenye mitambo ya ujenzi huajiri mafundi wa mshahara, na mkono wako ni huo huo.

SWALI: Taa ya injini inawaka, msimbo wa hitilafu ni P0171. Nimebadilisha sensa ya oksijeni mara mbili na taa imerudi. Sasa fundi mwingine anataka nimlipe kwa kupima tu. Ni haki?

JIBU: Ni haki, na angelipwa yeye kwanza, sensa zote mbili zingebaki dukani. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa imeleta habari. Wewe ukamfukuza mleta habari.

Mwambie asome marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ayajumlishe. Jumla ikizidi asilimia 10 upande wa kuongeza, injini ikiunguruma gari limesimama, kisha ikishuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ikipanda kadiri injini inavyobebeshwa kazi, tazama presha ya mafuta, filta, na sensa ya kupima hewa, ambayo mara nyingi inahitaji kusafishwa tu. Kipimo hicho hakihitaji spea hata moja. Kinahitaji akili ya mtu, na kuona akili hiyo ikichukuliwa bure kumewachosha mafundi wengi wazuri.

SWALI: Vidole hufa ganzi jioni na ngozi ya mikono imepasuka. Nitumie nini?

JIBU: Glavu za nitrili kila unapogusa oili iliyotumika, kwani ikigusa ngozi miaka mingi inaweza kuleta saratani. Usinawe kwa petroli. Ganzi huletwa mara nyingi na mtetemo wa bunduki ya nati: pumzika katikati ya kazi, na umwone daktari mapema.

SWALI: Nina gereji. Vijana hujifunza kwangu kisha huacha kazi. Kwa nini?

JIBU: Angalia unawapa nini. Kijana anayebaki kwenye oili na matairi hapati saa za maana wala ujuzi. Mpe kazi moja tangu kupima hadi kujaribu barabarani, umlipe na muda wa kujifunza. Vifaa ghali, kama spana ya torki na mita nzuri ya umeme, nunua wewe.

Na kazi ikirudi, chunguza kabla ya kumkata malipo. Pampu mpya ya maji ikivujia kwenye kitundu chake cha kuonyesha uvujaji, sili ya ndani imekufa, na mara nyingi spea ilikuja mbovu. Ikivujia kwenye gasketi, hapo ndipo pa kumwuliza aliyefunga alisafisha uso wa chuma kwa kutumia nini na alikaza bolti kwa mpangilio gani.