Simu haimtoki mkononi, je mwanangu keshakuwa teja?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kijana wa miaka 16 yuko fomu three, usiku saa nane namkuta macho makavu anaskroli TikTok, nikimnyang'anya simu anatetemeka kwa hasira na chakula anasusa. Sasa kaka yangu alikuwa teja wa unga mpaka umauti ukamkuta, mimi ndo nilikuwa namuuguza akipata arosto, kwa hiyo nikimwona huyu mtoto moyo unanipasuka. Baba yake anasema nakuza mambo. Eti uraibu wa simu na wa unga si ndo ule ule? – Mama mwenye hofu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kaka yako. Hapana, sio ule ule, ila baba mtu naye asijione kashinda kesi.

Wewe arosto umeiona kwa macho yako. Viungo vinauma, anatapika, anaharisha, baridi inampiga mchana wa jua kali, maana mwili wenyewe umeshazoea unga na ukikosa unagoma. Akizidisha dozi pumzi inakata. Ndo maana Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, mwaka 2011, mgonjwa anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa sababu maneno matupu hayatoshi kumtoa mtu kule. Mwanao ukimnyima simu atanuna, atafoka, usingizi utamsumbua, lakini hatakufa kwa kukosa bando, hilo likutulize kwanza.

Wanapofanana ni kwenye ile hamu. Ubongo una kemikali inaitwa dopamini, inatusukuma kurudia kilichotupa raha, unga unaipandisha kwa nguvu kupita kiasi na simu inaigusa kidogo kidogo ila mara nyingi mno kwa siku. Na siri ni kutojua utapata nini, kama mvuvi wa mshipi, angekuwa anajua samaki atauma saa ngapi angeenda kulala, lakini hajui, kwa hiyo anatupa tena na tena. Klipu tatu mbovu, ya nne inakuvunja mbavu, basi kidole hakiachi. Tena ukurasa hauna mwisho, na huo haukutokea tu kwa bahati, mbunifu wa programu Aza Raskin wa Marekani aliubuni mwaka 2006 na baadaye alijuta hadharani. Kwa hiyo usimwone mwanao mjinga, anashindana na watu wazima waliosomea kumshika.

Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 wameweka uraibu wa magemu, mitandao ya kijamii bado haimo. Ila vipimo vyao vinakufaa hata wewe: je ameshindwa kujizuia, je simu imepita shule na marafiki na kula, je anaendelea hata anapoona inamuumiza, na hali hiyo imedumu muda mrefu, wao wanasema kwa kawaida kama miezi 12. Wiki mbili za likizo hazihesabiki.

Simu usiivunje. Usiku zote zichajiwe sebuleni, ya kwako na ya baba yake pia, la sivyo atawaona waongo. Zimeni notifikesheni. Halafu muulize taratibu hii hali ilianza lini, maana mara nyingi kuna kitu anakikimbia, shuleni anaonewa au ameachwa na rafiki, na hapo ndo penye kazi yenyewe. Akikataa kula siku kadhaa au akitamka habari za kufa, hospitali siku hiyo hiyo, uliza kitengo cha afya ya akili.

Na mwanangu, lile neno teja usimtupie hata ukiwa na hasira. Mkae siku moja umsimulie habari za mjomba wake, sio ugonjwa tu, na alivyokuwa kabla ya unga, alichekaje, alipenda nini. Nahisi hiyo habari hujawahi kumpa.