Maswali Yenu: Medali za mume wangu hazimo kwenye karatasi, tufanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum mzee wetu. Mume wangu alikuwa Marekani na grini kadi, akaingia Army (jeshi la nchi kavu) 2008, akawa dereva wa malori. Machi 2010 wakampeleka Iraki akakaa mpaka Februari 2011, mwaka uliofuata akaacha jeshi vizuri tu bila kesi yoyote. Sasa tuko nyumbani. Juzi kijana wetu wa S2 akaisoma ile karatasi ya baba yake ya kutoka jeshini, DD 214, akauliza mbona Iraki haimo kwenye medali? Kweli haimo, na ile ya tabia njema pia haimo. Mume wangu anasema wacha, yameshapita. Lakini mtaani wanamwita mlinzi wa kampuni, kama wale Waganda walioenda Iraki kufanya ulinzi, sio askari, na mimi inaniuma. Bado inarekebishika? Kuna mtu Kampala anataka dola 600 atuletee medali zote. (Mke wa askari, Bombo)

JIBU: Waaleikum salaam binti yangu. Huyo mtu wa Kampala msimpe hata shilingi. Medali za Marekani zinauzwa madukani kule, yeyote ananunua, kwa hiyo atawaletea kweli lakini jina la mume wako litakuwa halijaingia popote. Nyinyi mnachotafuta ni rekodi isahihishwe, rekodi ikishakaa sawa medali zinatolewa na jeshi lenyewe bure, na kuomba pia ni bure.

Sasa toeni hiyo DD 214 muiweke mezani. Kisanduku namba 13 ndicho cha medali. Shukeni mpaka namba 18, sehemu ya maelezo, askari aliyepelekwa vitani mara nyingi wanaandika hapo alihudumu nchi fulani toka tarehe hii mpaka tarehe hii. Kama Iraki imeandikwa hapo chini na kule juu medali yake haipo, basi karatasi inajipinga yenyewe na huo ni ushahidi wenu wa kwanza, hamjatoka hata nyumbani. Angalieni pia kama mna kopi ndefu, ile ya Member-4, kwa sababu ile fupi haina kisanduku cha 24 kinachosema aliondoka kwa heshima, na hicho mtakihitaji.

Iraq Campaign Medal sio ya kuombewa na mkubwa wala ya kubahatisha. Ni ya mwanajeshi yeyote aliyekaa Iraki siku 30 mfululizo, au 60 za kukatakata, kati ya 19 Machi 2003 na 31 Desemba 2011. Mume wako alikaa karibu mwaka mzima! Na kuna kitu wengi wanasahau, zile nyota ndogo za shaba za kwenye utepe, kila kipindi cha kampeni kina nyota yake, kipindi kimoja kiliisha 31 Agosti 2010 na kingine kikaanza 1 Septemba, yeye alikuwa kule kote kuwili kwa hiyo adai nyota mbili, aziandike kabisa kwenye ombi.

Ya tabia njema, Army Good Conduct Medal, ni ngumu kidogo. Kawaida ni ya miaka 3 ya utumishi msafi lakini komanda ndiye anaamua na lazima kuwe na oda, yaani amri ya jeshi iliyoandikwa. Oda isipokuwepo kwenye faili msikate tamaa, ila jueni hiyo inaweza kuwapeleka mpaka kwenye Bodi ya jeshi ya kusahihisha rekodi, nitaieleza chini.

Njia yenyewe ndo hii. Mume wako mwenyewe, maana yuko hai na saini inayotakiwa ni yake, ajaze fomu SF 180 au aombe kwenye tovuti ya National Archives, kituo cha rekodi za wanajeshi kiko St. Louis, Missouri. Asiombe DD 214 peke yake, aombe faili zima, oda zote na ripoti zote. Mtu akiwaambia faili liliungua msikubali. Moto ulikuwepo kweli, 12 Julai 1973, uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, lakini yale yalikuwa ya watu wa zamani sana, kwa Army ni waliotoka kabla ya 1960, la mtu wa 2012 haliwezi kuwa humo. Kosa la wazi kama hili la Iraki linaweza kurekebishwa kiofisi bila kwenda kwenye Bodi. Hawapigi chapa DD 214 upya, wanatoa karatasi nyingine inaitwa DD 215 inayosema ongezeni hiki na hiki, muiambatanishe na ile ya kwanza na zisiachane tena.

Wakikataa, au kwa ile ya tabia njema, ndipo anajaza DD 149 kwenda Army Board for Correction of Military Records. Hapo ndo penye swali lako la muda. Sheria inasema miaka 3 toka ulipogundua kosa, lakini Bodi ina ruhusa ya kusamehe uchelewaji ikiona haki inadai hivyo. Wanaweza kumwambia ulisaini 2012 ulipaswa kuona, kwa hiyo aeleze ukweli kwenye fomu, lini aliona, nani alimuonyesha, na kwa nini wamsikilize. Asiache hiyo sehemu wazi. Na muwe na subira, majibu ya Bodi yanaweza kupita mwaka.

Ushahidi mzuri ni upi? Oda ya kumpeleka Iraki. Halafu hati za mshahara za miezi ile, LES, kwa sababu aliyekuwa eneo la vita alikuwa anaongezewa posho ya hatari dola 225 kwa mwezi, ukiwa na karatasi ya Juni 2010 ina huo mstari nani atabisha kwamba alikuwepo? Baada ya hapo maandishi ya sajenti wake au dereva mwenzake, yawe na kikosi, tarehe na kile alichokiona kwa macho yake, tena yawe na saini. Picha ziende lakini peke yake hazitoshi. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, tuliyoizoea kwa kila kitu hapa kwetu, huko haina kazi. Tumeni kopi, orijino zibaki kwenu.

Na yeye anayesema wacha, mwambie mzee wa gazeti amesema hapana. Barabara zile zilikuwa na mabomu ya kutegwa na yeye alikuwa kwenye usukani. Mtoto ameuliza swali la maana, apate jibu lililoandikwa.

SWALI: Mimi ndo nilikuwa huyo mlinzi wa kampuni, Baghdad. Naweza kuomba hizo medali? (Msomaji, Mukono)

JIBU: Hapana ndugu yangu, zile ni za wanajeshi. Kazi yako ilikuwa ya hatari na Waganda maelfu waliifanya, nakupa heshima yako. Haki yako wewe iko upande mwingine, kama uliumia kazini kuna sheria ya Marekani ya 1941, Defense Base Act, inayowahusu hata wafanyakazi wasio Wamarekani, na aliyefariki familia yake ndo inadai. Ila muda wake ni mfupi, kutoa taarifa siku 30, kudai kwa kawaida mwaka 1, kwa hiyo kama kuna jeraha tafuta wakili wiki hii hii.

SWALI: Babu yetu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni) akapigana Burma Vita vya Pili vya Dunia, alifariki bila medali hata moja. Kuna kitu tunaweza kufanya? (Mjukuu, Arua)

JIBU: Kipo. Medali nyingi za vita ile hazikuja zenyewe, askari alitakiwa aombe, na mtu ametoka Bonde la Kabaw 1944 karudi kwao kulima, nani alimwambia? Burma Star ni ya waliohudumu kule kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, na War Medal ilihitaji siku 28 tu za utumishi wakati wa vita. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ina ofisi ya medali, warithi wanaruhusiwa kuomba ambazo hazikuwahi kutolewa. Kama kuna mtoto wa babu aliye hai aombe yeye, sio nyinyi wajukuu, aambatanishe cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu. Kabla ya yote tafuteni namba yake ya jeshi na jina kama karani wa kizungu alivyoliandika, hata kama alilikosea, maana ndilo lililo kwenye rekodi. Pekueni sanduku la bibi vizuri. Mkikuta medali ya nyota humo haina jina nyuma msiitupe mkidhani ni feki, Uingereza ilizitoa hivyo hivyo bila majina.